Habari ambazo hazina Misa

Wiki hii hakuna video. Hii kitu nimejaribu kuirekodi mara tatu na kila mara nikiisikiliza nasikika kama mtu anayegombana na kanisa, na mimi sigombani na kanisa. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Ni ndefu kiasi, chukua chai.

Kama ulisomea shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Kenya, unajua vile shule hiyo inajua kubeba familia ikiwa habari yake ina Misa. Ubatizo una Misa. Komunyo ya kwanza ina Misa. Kifo kina Misa, na kabla ya Misa kuna rozari jioni baada ya jioni. Lakini kuna habari ambazo hazina Misa. Baba amefutwa kazi. Wazazi wameachana. Msichana wa darasa la saba ana mimba. Kijana aliyepigiwa makofi akienda chuo amerudi nyumbani na begi lake. Hizo shule haijui mahali pa kuziweka, na kwa sababu haijui, mtoto ndiye hubaki amezibeba, pamoja na vitabu na chupa ya maji.

Wacha nikupe picha ya shule yenyewe kwanza. Iko Thika. Ni shule ya serikali, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Walimu wanalipwa na TSC, vitabu vinatoka kwa wizara, lakini kanisa ndilo mdhamini. Jina la shule ni la mtakatifu, kuna Mama Maria wa simiti karibu na lango, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi kwenye bodi na jukumu la kulea watoto kiroho, bila kumlazimisha mtoto wa imani nyingine. Ndiyo maana daro letu lilikuwa na watoto wa PCEA, Waakorino na vilemba vyao, Waislamu wawili, na jamaa mmoja wa SDA ambaye Ijumaa jioni alikuwa anatoka mbio kabla jua lizame. Na wote, nakuambia wote, walijua Malaika wa Bwana kwa kichwa. Kengele ya saa sita ikilia mpira ulisimama katikati ya uwanja. Aliyekuwa amebaki na kipa peke yake alisimama pia, akingoja Amina, na kipa naye alitumia hiyo nafasi kujipanga. Mabao mangapi yalipotea kwa sababu ya hiyo sala, Mungu anajua.

Nilikuja kufikiria nikiwa mkubwa kwamba ile sala ya saa sita yenyewe ni habari ya familia. Malaika anakuja kumwambia msichana aliyeposwa tu, bado hajakaa na mume, kwamba atapata mtoto. Shule nzima inasimama kila siku kuikumbuka hiyo habari. Sasa, tukiwa darasa la saba kuna msichana wa daro letu ambaye hakurudi baada ya likizo ya Agosti. Kwa paredi hakuna aliyesema kitu. Jina lake liliendelea kusomwa kwenye rejista, sisi tukijibu "hayuko", halafu asubuhi moja mwalimu akaliruka akaenda kwa jina linalofuata. Tangazo letu lilikuwa hilo, jina kurukwa. Kenya imekuwa na sera ya kumrudisha shule msichana aliyejifungua tangu 1994, na mwaka wa 2020 wizara ikatoa mwongozo mpya juu ya jambo hilo hilo. Pale shuleni sikuwahi kusikia mtu akiitaja. Oktoba ile tulisali rozari mwezi mzima, na yeye alikuwa anaishi karibu sana na lango, karibu kiasi kwamba alikuwa anatusikia.

Lakini nisiwanyime haki yao. Kwa kifo, hawa watu ni moto.

Nikiwa darasa la tano baba ya deskmeti wangu alikufa. Jumatatu, baada ya bendera na wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu alitangaza, tukanyamaza, tukasali Salamu Maria tatu. Kila daro likachanga, sisi shilingi kumi kumi kwenye bahasha ya kaki. Jioni tulienda kwao kwa laini mbili, watoto kama arobaini na yunifomu, mbele sista, nyuma mwalimu wa darasa. Tuliimba. Nyumba ilikuwa ndogo kwa hivyo wengi tuliimbia nje, karibu na kuku. Mama yake alitoka akatushika mkono mmoja mmoja, wote, na mimi nakumbuka mkono wake ulikuwa na unga.

Jamaa mwenyewe tunaongea hadi leo. Nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu ile wiki. Hakutaja wimbo wala bahasha. Alisema aliporudi shule hakuna mtu alimuuliza swali lolote, na saa nne kila mtu alikuwa anamwekea kipande cha mandazi kwa deski bila kuongea, mpaka ikawa mandazi mengi kuliko yale angeweza kula, akaanza kuyauza. Nilicheka sana. Lakini fikiria hiyo kitu: watoto wa miaka kumi na moja walijua la kufanya kwa sababu walikuwa wameambiwa. Habari ilitangazwa, na ilipotangazwa ilikuja na kazi ya kufanya. Sali, changa, tembelea, leta mandazi.

Siku hizi paredi imehamia WhatsApp. Mdogo wangu yuko Gredi ya 6 pale pale, na mathe yuko kwa grupu ya wazazi wa darasa lao. Nimesoma hiyo grupu kwa simu yake (kwa ruhusa, tulieni). Inaamka saa kumi na moja asubuhi na picha ya waridi lenye umande na maneno "Tumsifu Yesu Kristo". Wanaitikia "Milele na milele" mmoja baada ya mwingine mpaka saa moja na nusu. Halafu yanafuata ya siku: kesho watoto walete karatasi ya manila, nani ameona sweta yenye kifungo kimoja, watoto wa PMC wavae skafu Jumapili, Subukia tunaenda na basi gani. Kwa wasiojua, Subukia ni kule kwa madhabahu ya kitaifa ya Mama Maria, upande wa Nakuru, na safari ya Subukia inaweza kujaza grupu mwezi mzima.

Na kuna orodha. Kila Mkenya anaijua. Mtu anaandika jambo lenyewe, mazishi au ukuta wa jikoni au zawadi ya Padri anayehamishwa, halafu namba moja mpaka hamsini, unanakili unaongeza jina lako na kiasi ulichotuma. Familia ya fulani, 2,000. Familia ya fulani, 1,500. Mama fulani, 1,000. Halafu unafika wewe na 200 yako.

Mathe aligundua njia. Alikuwa anatuma pesa kwa mweka hazina usiku, anamwambia aandike "Rafiki". Kwa muda mrefu grupu nzima ilidhani kuna mfadhili wa siri anayependa kutoa mia mbili.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mwishoni mwa 2024 buda alipoteza kazi. Alikuwa kwa kiwanda, hapa hapa Thika, sitasema kipi. Walipunguza watu, akawa mmoja wao. Hakuna ubaya aliofanya na hata barua yao ilisema hivyo, kwa lugha ile ya barua. Mathe alikuwa anauza mandazi asubuhi lakini mtaji ukaliwa na kodi ya nyumba ya Januari, kwa hivyo mandazi nayo yakaisha. Mimi hizi video zangu, wacha nikuambie ukweli, mwezi mzuri zinalipa intaneti na umeme, na kitu kidogo juu.

Nyumbani tulikubaliana bila kukubaliana kwamba hiyo habari haitoki nje. Buda aliendelea kwenda Misa, ila aliacha kusimama na wanaume wa CMA baada ya Misa, kwa sababu wakimaliza salamu wanaenda kwa michango. Alikuwa anatoka kwa mlango wa kando kabla ya matangazo kuisha. Na mambo ya shule yakaendelea kama kawaida, kasoro jambo moja. Chakula cha mchana.

Masomo kwenye shule ya serikali hayalipiwi, lakini chakula cha mchana kwetu mzazi hulipa. Wale wa Nairobi mna Dishi na County tangu 2023, shilingi 5 kwa siku, mtoto anagusisha bangili yake kwa mashine anapewa sahani. Sisi tuko ng'ambo ya mpaka, Kiambu, na yetu ni shilingi 30. Ni githeri. Ukizidisha kwa siku za muhula inakuwa pesa ya kutosha kumfanya mtu mzima akae kitandani akitazama dari.

Kwaresima ya 2025 ilianza Machi 5, Jumatano ya Majivu. Siku ya pili yake mdogo wangu aliwaambia wenzake, na mwalimu, kwamba amefunga. Kwaresima yote. Walimsifu. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa kama mfano. Kila saa saba wenzake wakipanga laini na sahani, yeye alienda kwa bomba, anakunywa maji, anarudi kukaa chini ya mti karibu na Mama Maria. Kijana wa miaka kumi na miwili. Aliendelea hivyo wiki tatu na kitu.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amesikia mathe na buda wakiongea usiku, akapiga hesabu yake.

Na mwalimu, na katekista, na yeyote aliyemuona angejua kwamba hesabu haiingiani. Sheria ya kanisa lenyewe haimdai mtoto wa miaka kumi na miwili chochote: kujinyima nyama kunaanza ukitimiza miaka 14, kufunga ni kwa watu wazima, na hata hao siku zao za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mtoto aliyefunga siku kumi na nane za shule mfululizo amefunga kuliko askofu. Lakini alikuwa amewapa habari kwa lugha wanayoipenda, na wakaipokea hivyo. Angesema "baba hana kazi" hakuna ambaye angejua aangalie wapi. Kusema "nimefunga" kulimpa mahali pa kukaa saa saba.

Kitu kimoja ndicho hunikaba mpaka leo. Kila Kwaresima maaskofu wana kampeni yao, na watoto huleta sarafu kwa kisanduku cha darasa kwa ajili ya wenye shida. Mdogo wangu aliweka shilingi ishirini. Alizipata kwa kubeba maji ya jirani. Nilimuuliza mbona hukununua hata mkate. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Ni za maskini," akasema.

Aliyemshtukia ni mpishi. Pale shule wote wanamwita Shosho, kuanzia mwalimu mkuu mpaka wa chekechea, na Shosho hana WhatsApp. Ana sahani. Anajua sahani ngapi zinatoka na nani hakuja, bila kuandika. Wiki ya kwanza alinyamaza. Ya pili akamuuliza kijana, akaambiwa Kwaresima. Ya tatu akaona anakunywa maji vikombe vitatu vitatu, na Shosho alizaa saba, anajua maji ya kiu na maji ya njaa.

Hakwenda ofisini. Hakuandika popote. Shosho yuko jumuiya moja na sisi, na Jumamosi ile tulikuwa tunakutana kwa nyumba ya mtu mwingine. Baada ya sala, watu wakitoka, alibaki akisaidia kukunja mikeka pamoja na mathe. Akamwambia, polepole, "Mwanangu, kijana wako ananiambia amefunga. Mimi nimempakulia tangu Gredi ya 1, huyo si mtoto wa kufunga. Kuna nini?"

Mathe alilia hapo hapo na mkeka mkononi. Halafu akasema. Miezi mitatu hakuwa amesema kwa mtu yeyote nje ya nyumba, na alisema yote kwa mama wa jikoni katika dakika chache.

Jumatatu sahani ilikuwa imepakuliwa. Kuhusu deni la muhula, Shosho aliongea na mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti akaongea na nyumba nne tano, na wiki hiyo ikalipwa. Hakukuwa na orodha. Mpaka leo sijui nani alitoa ngapi, na nadhani mathe pia hajui. Mmoja wao alimwambia buda kuna mzee anatafuta mtu wa kusimamia bohari siku tatu kwa wiki. Buda anafanya hiyo kazi sasa. Si kama ile ya kwanza, lakini ameanza tena kusimama nje na wanaume baada ya Misa.

Kwa hivyo nikisema sigombani na kanisa ndiyo hii maana yake. Kile kitu kinachokosekana shuleni kanisa tayari linacho. Maaskofu wa ukanda huu, chini ya AMECEA, waliamua mwaka wa 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakuwa msingi wa parokia, na ukitaka kujua kwa nini ilikuwa akili, hesabu watu. Jumuiya yetu ni nyumba kumi na nne. Kwa nyumba kumi na nne, mtu akikosa kuja mara mbili anaulizwa. Kwa grupu ya wazazi themanini, mtu akinyamaza mwaka mzima hakuna anayeona, na akiongea kila mtu anaona. Habari yenye aibu kidogo haiwezi kupita katikati ya hayo mawili.

Shida ni kwamba si kila familia ya shule ile iko kwa jumuiya. Yule Muakorino wa daro la mdogo wangu angefunga Kwaresima, nani angemfuata na mkeka? Wazazi wake hawako kwenye sala za Jumamosi zetu, na si lazima wawe. Hapo ndipo nasema shule yenyewe ijipange. Sitaki matangazo zaidi kwa paredi. Sitaki Padri asome "waliofutwa kazi wiki hii". Nataka kila darasa liwe na mtu mmoja, mzazi au Shosho wa aina yake, ambaye kazi yake ni kujua na kutoandika. Mtu ambaye mwalimu akiona mtoto amebadilika anampigia, na yeye anaenda kwa mguu. Na huyo mtu ajulikane, ili mzazi akiwa na habari isiyo na Misa ajue ni mlango gani anagonga.

Mathe hakubaliani na mimi kabisa, na niliahidi kuandika upande wake. Anasema huyo mtu mmoja ndiye atakuwa redio ya mtaa. Anasema heri njaa kuliko kuzungumzwa kwa foleni ya maji, na kwamba Shosho aliweza kwa sababu hakuwa amechaguliwa na mtu. Ungempa cheo na beji angeharibika kama wengine. Nimefikiria hilo sana. Labda ni kweli kuhusu beji. Lakini nilimuuliza, Shosho akistaafu? Ana miaka sitini na kitu. Mathe akasema tuombe Mungu. Hapo ndipo tunapoachana, kwa sababu mimi naona tumeacha usalama wa watoto mia saba ukitegemea macho ya mama mmoja na hesabu yake ya sahani.

Jambo ambalo tunakubaliana ni picha. Kila baada ya miezi kadhaa wageni huja na viatu au vitabu, watoto wanapangwa mbele ya Mama Maria kila mmoja na kiatu mkononi, na picha inaenda kwa ukurasa wa shule na majina chini. Hiyo ni habari ya familia. Inasema: baba wa huyu hawezi kununua kiatu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na kuchakata data ya mtoto kunahitaji ridhaa ya mzazi. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa hiyo. Milioni nne na nusu ni githeri ya miaka mingi sana. Pigeni picha viatu, mbona lazima mtoto awe ndani?

Muhula wa pili kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mathe, ambaye huwa haongei mikutanoni, alisimama. Hakusema habari zetu. Alisema tu kwamba kwa michango, mweka hazina awe anatuma jumla, bila majina. Baba mmoja akauliza sasa tutajuaje nani hajatoa. Watu wakacheka, lakini wengine hawakucheka. Wakabishana mpaka kengele ya saa sita ikalia, wakasimama kwa Malaika wa Bwana, wakakaa, wakaendelea kubishana. Hawakuamua. Wiki mbili baadaye kukawa na mchango wa mazishi na orodha ikarudi vile vile, namba moja mpaka hamsini. Mathe akamwambia mweka hazina aandike Rafiki kama kawaida. Kufikia usiku kulikuwa na Rafiki sita. Mmoja wao ametoa 5,000, kwa hivyo huyo si mathe.

Na kwa sababu nimesema ya wengine, niseme yangu pia. Septemba 2022 nilipopata barua ya chuo, Padri alinitaja kwa Misa ya shule. Nilisimama mbele ya watoto wote, wakapiga makofi, mwalimu wangu wa darasa la nane akanipa kalamu. Mwaka wa pili karo ikashinda, nikatoka. Hiyo haina Misa. Hakuna aliyeitangaza, na mtu akimuuliza mathe kijana anaendeleaje na masomo, alikuwa anajibu "anaendelea vizuri, tunashukuru Mungu". Kwa hivyo kwa shule yangu ya msingi mimi bado niko mwaka wa pili. Nimekuwa mwaka wa pili tangu 2024. Huenda nikavunja rekodi.

Mathe amesoma hii yote kabla niiweke. Ameniambia nitoe sentensi mbili, nimezitoa. Mdogo wangu naye amesoma, akasema ile ya shilingi ishirini niache, ila niandike kwamba baadaye aliongezewa githeri mara mbili. Nimeandika.

Wale wa parokia mnaosoma: siko chuo, niko nyumbani, natengeneza video, niko sawa. Mkimuona mathe Jumapili msimuulize masomo yangu. Ameanza mandazi tena, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, pale karibu na lango. Ni shilingi kumi.